Siku Niliyomnawisha Mzee Kibet Mara Tatu

Afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia kwa Mama Fanice, na Mama Fanice akisimulia jambo analitia chumvi, pilipili na hata kuni, kwa hivyo ketini mnisikie mimi mwenye aibu yangu: ni mimi, si mtu mwingine, niliyeshika maikrofoni mbele ya wageni waliokuja kumposa mjukuu wangu, nikajisifu, na nikiwa katikati ya kujisifu nikawafanya wale wageni waamini tumewaita kwetu Yamumbi kuwatukana. Mpaka leo nikiingia kanisani kuna watu wanaangalia mikono yao na kucheka. Wacheke. Hata mimi nacheka, lakini nikiwa peke yangu.

Ilianza na swali. Mimi ni mtu wa kuuliza, na shule niliiacha kabla sijamaliza kuuliza, kwa hivyo maswali mengi bado ninayo. Mjukuu wangu Nekesa, ambaye nimemlea mimi tangu mama yake atuache, anafanya kazi ya kompyuta, na anaifanyia hapo kwangu sebuleni, siku nzima anagonga laptopu, mara anacheka peke yake, mara anashika kichwa kama mtu amepata simu ya msiba. Sasa akina mama wa kanisa wakiniuliza msichana anafanya kazi gani, nikisema ya kompyuta, mmoja anasema kumbe ana saiba, kile kibanda cha kukodisha kompyuta, mwingine ananiomba nimwambie amtolee fotokopi ya kitambulisho. Iliniuma. Mtoto amesoma chuo kikuu, ati fotokopi!

Basi alasiri moja nikabeba mboga zangu za kuchambua nikakaa karibu naye, nikamwambia hiyo kitu unaandika, hebu nieleze inaenda kukaa wapi, na usinidanganye kama mtoto.

Nekesa ana subira, hiyo alitoa kwa babu yake. Akaniuliza, nikipeleka maziwa kwa ushirika halafu simu yangu inaniandikia kilo zangu, nani ameniandikia? Nikasema simu. Akasema hapana, simu ni dirisha tu. Nyuma kuna mashine kubwa iko mbali, inaitwa seva, na ndani ya seva kuna wafanyakazi wadogo wasio na mwili, ambao yeye ndiye amewaandika, kila mmoja na kazi yake moja. Mmoja anajua kuhesabu kilo na hajui kitu kingine. Mwingine anajua kutuma ujumbe, basi. Na hawa hawakai nje kwa baridi, wanakaa ndani ya nyumba inaitwa kontena (nilifikiri yale makontena ya chuma ya kando ya barabara, akasema hapana, Kukhu, yaani nyanya, hii huwezi kuigonga kichwa), na hiyo nyumba ndiyo inawaangalia. Inafunga mlango, inauliza anayeingia ni nani, inawaamsha kazi ikija na kuwalaza ikiisha.

"Kwa nini wasijiangalie wenyewe?" nikauliza.

"Ili mimi niandike kazi peke yake. Nikianza kumfundisha kila mmoja kufunga mlango, sitamaliza."

Nikaielewa hapo hapo. Ni jikoni ya matanga! Kwa matanga yule anayepika ugali haulizi kuni zimetoka wapi wala maji yameletwa na nani, anasonga ugali tu, na watu mia wanakula bila kumwona. Nikamwambia hivyo, na Nekesa akageuka kabisa kwenye kiti, akaniangalia, akasema, "Kukhu, kuna watu kazini wamechukua wiki nzima kufika hapo."

Sasa hayo ndiyo maneno yaliyoniharibu. Mtu wa umri wangu akisifiwa hivyo anakuwa kama ndama amefunguliwa asubuhi.

Kutoka hapo nilikuwa namsumbua kila siku. Akaniambia wafanyakazi wake ni wa aina mbili. Kuna yule asiyekumbuka mtu. Unamwomba, anakupa, ukigeuka amekusahau, na hata ukirudi saa hiyo hiyo anakupokea kama hajawahi kukuona. Na kuna yule wa kukumbuka, ambaye ukiingia anakuwa wako peke yako, anashika yale umesema na yale umechukua, mpaka uage uende. Nikamuuliza nani mzuri. Akasema inategemea kazi, lakini yule wa kusahau ni mwepesi, kwa sababu hashikiliwi na mtu mmoja, na wachache tu wanaweza kuhudumia umati.

Nikasema huyo wa kusahau ndiye ninampenda. Nekesa akafungua mdomo kuongeza kitu, lakini mboga zangu zilikuwa zimeisha nikainuka. (Ningengoja hapo dakika moja tu, jamani.)

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kinaningoja mbele. Nekesa alikuwa amepata kijana, Kiprop, wamesoma pamoja, Mkalenjin wa Kiplombe, kijana mzuri, akija kwangu anaosha kikombe chake mwenyewe. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa sisi wengine wote. Mnajua Yamumbi ilivyofanywa na watu wa upande wa kwao ule mwaka wa fujo ya uchaguzi. Sisi Waluhya, watu wa kutoka magharibi, hatukuwa wale waliokuwa wakitafutwa, lakini moto ukishawekwa kwa jirani hauulizi nani ni nani, ukaruka kwa paa yangu, nikatoka na Nekesa mgongoni na sufuria moja mkononi, sijui kwa nini sufuria, tukaenda kulala kwa hema pale Showground na wengine. Nyumba niliyonayo leo niliijenga baadaye, hatua chache kutoka kwa ile ya kwanza. Msingi wa ile ya kwanza sikuuondoa. Uko pale nyuma ya jiko, na mawe yake bado ni meusi.

Kwa hivyo Kiprop aliposema wazee wake wanakuja, mwanangu Wafula, ambaye ni mjomba wa Nekesa na ndiye mwanamume wa boma, alinung'unika wiki nzima. Na kule Kiplombe pia walinung'unika, kwamba mnaenda kutafuta bibi mahali watu bado wanahesabu moto. Aliyekata maneno ni babu yake Kiprop, Mzee Kibet. Kiprop alituambia wazi: mzee amekubali kuja mara moja tu, aone kwa macho yake vile atapokelewa, na akirudi nyumbani na kinyongo hakuna harusi, kwa sababu kwao hakuna mtu anaruka neno lake. Nekesa hakulia. Aliniambia tu, "Kukhu, ni siku moja. Tuwapokee vizuri siku moja."

Siku moja! Nani atashindwa na siku moja?

Walisema watakuja gari moja. Zikaingia tatu. Na akina mama niliokuwa nimewategemea kugawa chakula, nusu yao walikuwa wameenda mazishi Turbo. Nikabaki na Mama Fanice na wengine watatu, tenti imejaa mpaka watu wa viti vya nyuma wamekanyaga maboga yangu, na Wafula anakuja jikoni kila saa kuniuliza tutafanya aje. Nekesa hangeweza kunisaidia, msichana anayeposwa anakaa ndani ya nyumba na hatoki mpaka aitwe, hiyo mnajua.

Nikasimama pale jikoni na mwiko, nikafikiri. Wachache wanahudumia umati. Nani alisema hayo? Mjukuu wangu alisema!

Nikawaita wale wanne nikawapa sheria. Dirisha la jikoni ndilo kazi inatokea. Kila mtu akiwa na mikono mitupu anakuja dirishani, anachukua kilicho mbele, jagi ama sahani, anatoka nayo, anampa mtu wa kwanza anayekutana naye aliye tayari, anarudi. Asimngoje mtu. Asiulize nani ni nani. Akirudi, awe ameshasahau.

"Na wazee?" Mama Fanice akauliza.

"Huku hatujui wazee. Tunajua kazi."

"Na imondo nayo?"

Hapo niwaeleze wale hawajui. Kwetu sisi, kuku akipikiwa mgeni, firigisi, ile tunaita imondo, ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote waliokaa. Ukimpa kuku bila imondo, umemwambia bila kufungua mdomo kwamba kuna mwingine mkubwa kuliko yeye. Na Kiprop alikuwa amemweleza babu yake hiyo desturi yetu ya mgeni, akiwa na furaha yake, ili mzee aione heshima ikija. Lakini mimi nilikuwa nimepanga vizuri, ama nilifikiri hivyo. Mzee Kibet alikuwa ameketi mbele kabisa, karibu na jiko, kwa hivyo yeye ndiye mtu wa kwanza kila mama angekutana naye. Nikaiweka imondo juu ya kuku ndani ya hotipoti ya kwanza, nikaiweka ya kwanza dirishani. Sasa ingeenda wapi kama si kwake?

Na mambo yakaanza kwenda, nawaambia, yakaenda kama maji. Majagi yanatoka, mabeseni yanarudi, hakuna mama anayegongana na mwenzake, hakuna kelele. Mimi kuona hivyo nikavimba. Nikavua aproni, nikaenda mbele, nikamnyang'anya Wafula maikrofoni. Wafula akaninong'oneza niketi. Mimi huyo, niketi!

Nikawaambia wageni watu wanauliza mjukuu wangu anafanya kazi gani, basi leo mtaiona kwa macho. Nikawaambia hawa akina mama mnaowaona hawakumbuki mtu. Nikasema, na spika ile ilikuwa inasikika mpaka barabarani, kwamba kwa boma hili leo hakuna anayejali wewe ni nani wala umetoka wapi, unanawa, unakula, unasahaulika.

Nilingoja makofi. Hakukuwa na makofi. Watu wote walikuwa wanaangalia kitu kimoja, na mimi nikageuka niangalie wanachoangalia.

Mama Fanice alikuwa ameinama mbele ya Mzee Kibet na jagi na beseni, anamnawisha. Ilikuwa mara ya tatu. Yule mama wa kwanza alitoka na jagi akakutana naye wa kwanza, akamnawisha. Wa pili akatoka, naye mtu wa kwanza mbele yake ni nani? Akamnawisha. Na Mama Fanice, ambaye alikuwa ameapa kufuata sheria yangu mpaka nione haya, ndiye huyo wa tatu. Na mzee, kwa heshima yake, kila mara alikuwa ananyoosha mikono bila neno, na wazee wenzake wameketi kando yake wanaangalia ile mikono ya mzee wa Kiplombe ikioshwa, ikioshwa tena, ikioshwa tena, Yamumbi, mbele ya yale mawe meusi, huku mwenye boma akitangaza kwa spika kwamba hapa hakuna anayejali umetoka wapi.

Mzee Kibet alikausha mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, na hakupaza sauti:

"Mama. Ya kwanza nimenawa nile. Ya pili nikasema ni heshima ya Waluhya, siijui. Sasa hii ya tatu, nambie, unaona nini kwa mikono yangu?"

Kiprop akainama kama mtu anatafuta shimo. Nikajaribu kuongea, nikasahau kwamba bado nimeshika maikrofoni, kwa hivyo tenti yote ikasikia nikimeza mate. Nikasema mzee, kula kwanza, kula, chakula chako kiko hapa, hotipoti yako, nikaangalia meza yake na hakukuwa na hotipoti.

Iko wapi? Imondo iko wapi?

Sheria yangu ilisema wasimngoje mtu. Wakati hotipoti ya kwanza inatoka, mzee alikuwa na mikono ndani ya beseni. Basi mama aliyeibeba akampita, akakutana na mtu wa kwanza aliye tayari, na huyo alikuwa dereva wa gari la tatu, ambaye alikuwa amekuja mbele kuuliza choo kiko wapi. Na saa hiyo hiyo, ndugu zangu, dereva akatokea upande wa magari, hotipoti wazi mkononi, anatafuna, uso umejaa furaha, akanijia moja kwa moja akaniambia mbele ya watu wote:

"Mama, hii heshima hata kwetu sijawahi kupewa."

Mzee mmoja wa kwao alishika fimbo yake. Mwingine akatafuta kofia. Niliona harusi ya Nekesa inainuka kutoka kwa viti vile, inapanguza suruali, inataka kwenda nyumbani.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Nekesa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita. Wafula akasema Yesu wangu, kwa sababu hiyo nayo ni aibu ya kivyake, lakini msichana akatembea na lile vazi lake la kitenge mpaka mbele ya Mzee Kibet, akapiga magoti, akasema, "Guka, ni mimi nimeharibu," halafu akajisahihisha haraka kwa sababu Guka ni babu kwa Wakikuyu, akasema Kogo, na Kogo kwa Wakalenjin ni nyanya, basi akachanganyikiwa kabisa akasema tu, "Mzee, ni mimi."

Na akamweleza. Seva, dirisha, wafanyakazi wasiokumbuka. Akasema mimi nyanya yake nilielewa vizuri sana nusu ya kwanza, na nusu ya pili alikuwa bado kuniambia: yule wa kusahau ni wa kazi ambayo watu wote ni sawa, kama kuuliza saa. Lakini mtu akikuja na safari ndefu, na yale ameanza hayajaisha, unampa yule wa kukumbuka, akae naye mpaka aage. "Wewe ulistahili huyo," akasema. "Kukhu alikupa wa kuuliza saa."

Nilitegemea mzee atatema mate. Yeye akaweka fimbo kando, akainama mbele na viwiko juu ya magoti. Kumbe huyu naye ni mtu wa kuuliza!

"Hiyo mashine yako," akasema, "ikikosea katikati ya kazi, inafanya nini?"

"Inarudisha kila kitu nyuma vile kilikuwa, Mzee. Kama kazi haijaisha yote, ni kama haikuanza. Haiachi nusu nusu."

"Inarudisha kabisa?"

"Kabisa. Lakini ni kabla kazi haijafungwa. Ikishafungwa, hairudi."

Mzee akaangalia hotipoti ya dereva, ambayo ilikuwa mifupa. Halafu macho yake yakapita hotipoti yakaenda nyuma ya jiko, na nikajua yamefika wapi.

"Na ikishafungwa na ni makosa?"

"Unaanza kazi nyingine mpya," Nekesa akasema. "Ya kurekebisha. Ile ya kwanza inabaki ilifanyika. Huwezi kuifuta."

"Basi anzeni," akasema Mzee Kibet. "Mimi nangoja."

Nikakimbia. Nyanya mzima na nguo ya sherehe nikamkimbiza jogoo wangu mwenyewe, yule mkubwa ambaye nilikuwa nimesema hafi mpaka nife, nikamshika kwa maboga yaliyobaki, na Mama Fanice akanichinjia bila kusema lolote (alisema kesho yake, na anasema mpaka leo). Wageni wengine wakaendelea kula. Mzee akainuka akabeba kiti chake mpaka jikoni, akaketi pale moshi unapopita, na mimi nikiwa nanyonyoa manyoya akaniuliza ile nyumba ya kwanza mlango wake ulikuwa unaangalia wapi.

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Watu huniuliza nilipoteza nini. Nikasimama na mikono yangu yenye manyoya, nikamwonyesha: mlango hapa, unaangalia jua likitoka. Chumba cha watoto hapa. Hapa babu yake Nekesa alikuwa anaweka redio. Akauliza paa ilikuwa ya nini, na mti wa kivuli ulikuwa upande gani, na maji tulikuwa tunatoa wapi, na mimi nikajibu yote, mpaka supu ikaanza kunukia.

Halafu akasema, "Siku hiyo niliona moshi kutoka kule kwetu. Sikujua ni wa nani."

Nikamwambia, "Sasa unajua."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwomba aombe. Nikamletea jagi, nikamnawisha mwenyewe, mara moja, taratibu, na nikamletea kuku na imondo juu.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipata mtoto, kwa sababu tuliporudi kwa tenti na kuku huyo, watu wote wanatuangalia, Mzee Kibet akachukua kisu, akaikata imondo katikati, akaninyooshea nusu. Mkalenjin, atajua wapi? Kwetu mwanamke hali imondo. Nimempikia mume wangu maisha yake yote na sijawahi hata kulamba kidole. Wafula akakohoa mpaka akapewa maji. Nikaangalia ile nusu, nikaangalia Nekesa aliyekuwa amepiga magoti tena kwa nyasi, na nikaona nikiikataa nitakuwa nimemfungia huyu mzee mlango kwa mara ya pili siku moja. Nikaiweka mdomoni mbele ya wote, nikatafuna.

Ni ngumu kidogo. Sijui wanaume wamekuwa wakipigania nini miaka hiyo yote.

Harusi ilifanyika, mlikuja, mkala. Na kama mliangalia vizuri mliona kila mzee wa Kiplombe alikuwa na mama mmoja wake, wa kumkaribisha, kumnawisha mara moja na kukaa naye mpaka amsindikize kwa gari, na nilikataa katakata mtu yeyote kunipa maikrofoni. Hiyo sheria sitaivunja tena mpaka mnizike. Mkitaka kujua Nekesa anafanya kazi gani, muulizeni Nekesa, na mkimuuliza, ngojeni amalize.

Dereva naye bado hunipigia simu Krismasi.